Mwanasesere wa Pacha

Kila alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, Sindano alikaa karibu na dirisha akamtungia bibi yake uzi. Alitunga sindano nyingi, za uzi mweusi, mwekundu na mweupe, akazichomeka kwenye kimto kidogo cha pamba, ili kesho yake, yeye akiwa darasani, bibi asihangaike. Jina la Sindano hakuzaliwa nalo. Alipewa na bibi huyohuyo kwa sababu mbili: wembamba wake, na ulimi wake uliojua kuchoma.

“Mke mwenzangu,” bibi alimtania, “namwonea huruma mume wetu. Atanunua plasta kila siku.”

Bibi alikuwa fundi wa wanasesere. Chumba cha mbele kilikuwa ndicho karakana yake. Ukutani palisimama cherehani ya kukanyaga, chini ya meza kulikuwa na debe la mabaki ya vitambaa vya kujazia, na kamba ilipita kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Kwenye kamba hiyo mikono na miguu iliyokwisha kujazwa ilining’inia ikisubiri viwiliwili. Mgeni aliyeingia bila kuonywa alishtuka kidogo, kisha akacheka.

Wanasesere wote wa bibi walikuwa weusi, lakini hawakuwa wa rangi moja. Bibi alikuwa na kifungu cha vipande vya kitambaa, vimefungwa pamoja kama funguo za mlinzi wa bohari. Kulikuwa na kipande cha rangi ya chai ya maziwa, cha rangi ya kahawa, cha rangi ya gome la mti, cha rangi ya chungu kilichokaa jikoni miaka mingi. Mtoto alipoletwa kushonewa, bibi hakumpima urefu wala hakuuliza umri. Alimshika mkono, akaviweka vile vipande juu ya ngozi yake kimoja baada ya kingine, mpaka akapata kile kilichopotea, yaani kile ambacho huwezi kuona kimeishia wapi na mkono umeanzia wapi. Hicho ndicho alichokifuata.

Rangi aliipika mwenyewe uani. Kitambaa cheupe cha pamba kilichovywa kwanza katika maji ya magome na majani ya chai yaliyochemka hadi yakawa mazito. Haya aliyaita maji ya kwanza, nayo yalitoa rangi ya kahawia nyepesi. Kwa watoto wengi kazi ilikuwa haijaisha hapo. Kitambaa kilitolewa kikatiwa katika maji ya pili, yaliyokaa kwenye kopo pamoja na siki na misumari yenye kutu. Humo rangi ilikolea na kuwa nyeusi kwelikweli, na kadiri kitambaa kilivyokaa, ndivyo ilivyozidi. Kisha ilibidi kusubiri kikauke, kwa kuwa kitambaa kilicholowa huonekana cheusi kuliko kilivyo. “Kitambaa kibichi ni mwongo,” bibi alisema. “Usikiamini mpaka jua limekihoji.”

Watoto wa mtaani walipenda kukaa mlangoni wakimtazama akishona, na kila mara mmoja wao aliuliza kwa nini hashoni wanasesere weupe kama wale wa dukani. Bibi hakuchoka kueleza. Alipokuwa mdogo, dukani hapakuwa na mwanasesere hata mmoja mwenye sura kama yake. Wote walikuwa na mashavu ya waridi na nywele za manjano. Mama yake, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ya matajiri, siku moja alirudi na mmoja aliyetupwa kwa sababu amevunjika mkono. Bibi alimpenda sana, akambeba mgongoni. Lakini kila alikopita aliulizwa huyo ni mtoto wa nani, na aliposema ni wake, watu walicheka. Basi alichukua masizi ya chungu akampaka uso, mikono na miguu. Alitembea naye siku nzima kwa fahari. Kisha mvua ilinyesha, masizi yakatiririka yote, na bibi alilia mpaka akavimba macho. Hapo ndipo alipomwomba mama yake matambara na sindano.

Aliwaeleza pia kwamba hakuwa wa kwanza. Ng’ambo ya bahari, akina mama wa watu wetu waliouzwa utumwani waliwashonea watoto wao wanasesere wa matambara meusi. Mama aliyenyang’anywa kila kitu bado hutafuta kitu cha kumpa mwanawe akumbatie.

Watoto waliipenda hadithi ya masizi kuliko zote. Waliipenda mno. Sindano ndiye aliyekuwa mweusi kuliko wote darasani, na haikuchukua muda wakaanza kumwita Masizi. Yeye mwenye ulimi wa kuchoma hakupata jibu la neno hilo. Wala hakumwambia bibi, kwa sababu neno lilikuwa limetoka kinywani mwa bibi mwenyewe, katika hadithi aliyoipenda.

Jioni moja aliingia Mama Pacha. Alikuwa mwoka mikate katika tanuri la mtaa wa nyuma, na watu walimwita hivyo tangu alipojifungua mabinti wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Sasa walikuwa na umri wa miaka mitano. Au tuseme mmoja ndiye aliyekuwa na miaka mitano, kwa kuwa mwenzake alikuwa amefariki majuzi kwa nimonia. Tangu mazishi, majirani hawakujua wamwiteje mama yao. Wengine walianza kusema “mama” tu, wakameza neno lililobaki.

Alimwamkia bibi, akakaa, akamweka mtoto magotini.

“Anaamka, anapapasa kitanda upande wa pili,” alisema. “Kila siku. Nimeona nikuombe umshonee mdoli, mama. Si wa kuchezea. Wa kushika tu.”

Bibi alichukua kifungu chake, akaushika mkono wa mtoto. Mtoto alimwuliza anatafuta nini. Bibi alijibu kwamba anatafuta rangi ya pacha wake.

“Ni hii hii,” mtoto alisema, akamnyooshea mkono. “Sisi tunafanana.”

Kipande kilichopotea kwenye mkono ule kilikuwa karibu na cha mwisho katika kifungu. Kilikuwa cheusi sana, cheusi cha kupendeza, na Sindano aliyekuwa akitazama aliona kwamba ni kile kile ambacho kingepotea kwenye mkono wake mwenyewe. Bibi alikichomoa akakibandika kwa pini kwenye kitambaa cheupe.

Kazi ya kuchovya alimwachia Sindano, kama alivyokuwa akimwachia siku hizi. Yeye alibaki ndani akishona gauni dogo. Ukweli ni kwamba macho ya bibi yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Sura aliziona kwa vidole, mishono aliihesabu kwa kucha, lakini rangi zilikuwa zinamponyoka. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ya kuchovya, shuleni walikuwa wamepigwa picha ya darasa. Walipokuwa wakipangwa, msichana mmoja alisema kwa sauti kwamba Masizi akae nyuma asije akaichafua picha. Watu walicheka, hata wale ambao Sindano aliwahesabu kuwa rafiki zake. Alikaa nyuma. Sasa alisimama uani na kijiti mkononi, akakitoa kitambaa kwenye maji ya kwanza. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, laini, ya kuvutia. Alikitazama kile kipande kilichobandikwa kwa pini, akalitazama kopo la misumari. Alimfikiria yule mtoto, ambaye mwakani angeanza shule na kupangwa kwenye mstari wa picha. Alimhurumia kwa moyo wote, na ndani ya huruma hiyo alifanya kosa lake. Aliliacha kopo la maji ya pili na kifuniko chake.

Bibi alimwita alete kitambaa akione. Sindano alikiingiza kikiwa kimelowa, kinachuruzika, na hivyo kikionekana cheusi kuliko kilivyokuwa. Bibi alikiinua dirishani.

“Umelinganisha na kipande?”

“Nimelinganisha, bibi.”

“Maji ya pili umechovya?”

“Nimechovya.”

Siku nyingine bibi angengoja kikauke. Lakini aliyemjibu alikuwa mjukuu wake, na yeye mwenyewe hakutaka kukiri kwamba hata kikikauka hataona vizuri. Alisema sawa. Kitambaa kilipokauka Sindano alikipiga pasi, bibi akakata, wakashona. Bibi alishona kiwiliwili, akakijaza, akaunga mikono na miguu, akasuka nywele za uzi wa sufu mweusi, na mwisho akatarizi uso, maana uso alikuwa akiuacha mwisho siku zote. Sindano alingoja agundulike. Hakugundulika, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kugunduliwa.

Mama Pacha alipokuja kumchukua mwanasesere, alimtazama kwa muda. Kisha alishukuru, akasema mishono ni mizuri, gauni ni zuri. Mtoto alimpokea kwa mikono miwili. Alimtazama mwanasesere, akautazama mkono wake, akamtazama tena mwanasesere. Walipoondoka, Sindano alijiambia kwamba mambo yamekwisha salama.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Sindano ilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Wiki ile ile Mama Pacha alirudi. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia kifundo hadi kiwiko. Bibi alisikia tu jinsi walivyoingia polepole, akaweka kazi chini.

“Nimemkuta bafuni,” Mama Pacha alisema. “Anajisugua mkono na lile jiwe la kusugulia miguu. Damu inatoka, na haachi. Nikamwuliza, mwanangu, unafanya nini? Akaniambia, ‘Pacha wangu amekuwa mweupe huko alikokwenda. Na mimi nataka tufanane.’”

Hakupaza sauti. Alimtoa mwanasesere kwenye mkoba akamweka mezani. Alisema hakuja kugombana, alijua kwamba bibi ni mtu mzima na kazi ni nyingi, ila asingeweza kumrudisha mwanasesere huyo nyumbani kwake.

Bibi alimchukua mwanasesere akatoka naye hadi mlangoni penye jua. Alimsogeza karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto. Alimwita Sindano, akamwuliza hiyo ni rangi gani.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Sindano aliiona nafasi hiyo wazi, akaiona pia bendeji, na woga ukamshinda.

“Ni ile ile, bibi,” alisema. “Labda jua limeipausha.”

Mama Pacha alimtazama, kisha akatazama pembeni. Bibi aliketi kwenye kizingiti.

“Basi ni macho yangu,” alisema. Akamvuta mtoto karibu, akaushika ule mkono wenye bendeji bila kuubana. “Nisamehe, mwanangu. Bibi haoni tena. Pacha wako hajabadilika. Ni mimi nimemshona vibaya.”

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikuwa na huzuni ya aina nyingine. Sindano alirudi kutoka shuleni, akakaa dirishani, akachukua uzi, na bibi akamwambia asitunge. Kesho yake alimwambia vivyo hivyo. Bibi aliketi na kile kifungu cha vipande mapajani, akivipitisha kimoja kimoja kati ya vidole, akivisogeza kwenye mwanga na kuviondoa. Chakula aliletewa akakirudisha nusu. Mama yake Sindano, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, alirudi amechoka, akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu. Siku moja Sindano aliona kamba imeteremshwa. Mikono na miguu yote ilikuwa imefungwa kwenye shuka.

Alijaribu kujifariji. Alijiambia kwamba bibi ni mzee, kwamba hata hivyo ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Lakini Sindano hakuwa mjinga. Alijua kwamba bibi hakuacha kushona kwa uzee. Aliacha kwa sababu ameamini uongo, na mwenye uongo huo ni Sindano.

Siku iliyofuata alipoingia alimkuta fundi wa suruali, jirani yao, amesimama katikati ya chumba. Fundi huyo alikuwa mtu wa mzaha, hakuweza kuvuka mlango bila kumtania mtu. Siku hiyo alikuwa kimya. Mkononi alishika mkasi mkubwa wa bibi, ule uliokatia kila mwanasesere aliyewahi kutoka katika nyumba ile, na bibi alikuwa akimweleza jinsi ya kuunoa.

Sindano alisimama mlangoni akaziba njia.

“Bibi, usimpe,” alisema. “Macho yako hayakukosea. Mimi sikuchovya maji ya pili. Nilikudanganya, na mbele ya Mama Pacha nikakudanganya tena.”

Fundi wa suruali alimtazama bibi, akamtazama mtoto. Aliuweka mkasi mezani taratibu, akaaga, akapita pembeni ya Sindano bila kumgusa.

Bibi hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angekaripia. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini. Sindano alieleza yote, kuanzia kwenye picha ya darasa kurudi nyuma hadi siku alipoitwa Masizi kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba hakutaka mwanasesere achekwe, wala mtoto mwenye mwanasesere. Alipotaja lile jina, bibi alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia. Sindano hakuwahi kumwona bibi yake akilia, akadhani amemuua.

“Neno hilo nimewapa mimi,” bibi alisema. “Nimekaa mlangoni nawapa watoto wa watu hadithi, wa kwangu namwachia miiba. Na sikuwahi kukuuliza shuleni wanakuitaje.”

Kisha alimweleza jambo ambalo hakuwa amelieleza mlangoni, kwa kuwa lilimuumiza. Zamani, huko ng’ambo, wataalamu wawili weusi, mke na mume, waliwaweka watoto weusi mbele ya wanasesere wawili, mweupe na mweusi. Waliwauliza yupi mzuri, na wengi walimwonyesha mweupe. Yupi mbaya? Wengi walimwonyesha mweusi. Mwishoni waliwauliza yupi anayefanana na wewe, na wapo watoto waliolia, wasitake kujibu. Bibi alisema aliposimuliwa habari hiyo akiwa msichana, aliapa kwamba katika nyumba yake hakuna mtoto atakayelia kwa swali hilo.

“Nimeshonea mtaa mzima,” alisema, “kumbe swali limekaa hapa hapa linakula na mimi sahani moja.”

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alimwambia Sindano kwamba wote wawili wamekosea. Yeye alijua macho yake yanafifia, akaficha, akiogopa kunyang’anywa kazi. Angesema, mtu mwingine mzima angekitazama kitambaa. Mficha maradhi kifo humwumbua, na safari hii kilichoumbuliwa ni mkono wa mtoto. Mwisho wa wiki angekwenda kliniki ya macho na mama yake Sindano. Lakini kabla ya kliniki kulikuwa na safari nyingine.

“Kesho tunakwenda kwa Mama Pacha,” alisema. “Mimi nitakushika mkono. Kusema, utasema wewe.”

Mama Pacha aliwapokea akiwa bado na unga kwenye nywele. Chumba chao kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, meza, na jozi mbili za viatu vidogo vya aina moja zimepangwa chini ya dirisha, moja ikiendelea kuchakaa na nyingine imeacha kuchakaa. Sindano aliviona akasahau maneno yote aliyoyapanga njiani. Alisema tu ukweli kama ulivyo. Alisema hakukuwa na jua lililopausha kitu. Alisema alidhani rangi nyepesi ni nzuri zaidi.

Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini lakini ilikata.

“Mwanangu alikuwa mweusi. Nilimzaa mweusi, nikamnyonyesha mweusi, nikamzika mweusi. Sikuona kasoro hata siku moja. Wewe nani alikutuma umrekebishe?”

Sindano alipiga magoti mbele ya yule mtoto, ambaye alikuwa amekaa kitandani akimtazama, akamwambia kwamba pacha wake hakuwa mweupe popote alipo. Aliyeharibu rangi ni yeye, dada Sindano, naye anaomba msamaha. Mtoto alifikiri kidogo.

“Kwa hiyo bado tunafanana?”

“Mnafanana,” Sindano alisema.

Mama Pacha hakusema amesamehe. Alimwambia Sindano aende akaimalize kazi yake, na kwamba safari hii mtoto atakuwepo kuitazama.

Ikawa hivyo. Bibi alikaa kwenye kiti uani, mtoto miguuni pake, na Sindano akafanya kila kitu mbele yao. Alimshika mtoto mkono wa kulia, ule mzima, akaviweka vipande juu yake hadi kimoja kikapotea. Alichovya maji ya kwanza. Akafungua kopo la misumari na kuchovya maji ya pili, akakigeuza kitambaa kwa kijiti mpaka vidole vyake mwenyewe vikawa vyeusi hadi kwenye kucha. Alikianika. Mtoto aliuliza mara nyingi kama kimekauka, na kila mara Sindano alimjibu bado, kibichi kinadanganya. Kilipokauka walikilinganisha tena. Siku hiyo mama yake Sindano aliomba ruhusa kazini, akaja akakitazama kwa macho yake, akasema ndicho.

Walishona pamoja. Vidole vilikuwa vya bibi, macho yalikuwa ya Sindano. Yule mwanasesere wa kwanza bibi hakumtupa wala kumfumua. Alimvisha gauni jingine akamweka rafuni, akasema hana kosa lolote, na kwamba ipo siku ataletwa mtoto mwenye mkono wa rangi ya chai ya maziwa, na huyo ndiye mwenyewe.

Siku ya kumkabidhi yule wa pili, Mama Pacha alikuja mapema kutoka tanurini. Mtoto alimpokea mwanasesere, akakaa naye sakafuni, akaulaza mkono wa mwanasesere juu ya mkono wake. Ilikuwa vigumu kuona mmoja umeishia wapi. Alikaa hivyo bila kusogea. Kisha mabega yake yalianza kutikisika, na kilio kikatoka, kilio kikubwa kisichokuwa cha mtoto aliyenyimwa kitu, bali cha mtu aliyefiwa. Aliita jina la pacha wake, akaliita tena.

Sindano aliogopa. Alidhani ameharibu mara nyingine, akanyoosha mkono amchukue mwanasesere. Mama Pacha alimzuia.

“Mwache alie,” alisema, naye machozi yalikuwa yakimtiririka. “Hajalia tangu tulipozika. Alikuwa anapapasa kitanda tu, macho makavu. Yule wa kwanza hakuweza kumlilia. Hakumjua.”

Alikaa sakafuni, akamkumbatia mwanawe pamoja na mwanasesere. Bibi alikaa upande mwingine, akaweka mkono wake kwenye kichwa cha mtoto. Walikaa hivyo mpaka kilio kikapungua na kuwa kwikwi. Sindano alibaki amesimama, hajui kama ana ruhusa ya kuwa pale, hadi Mama Pacha alipomsogezea nafasi.

“Kaa hapa,” alimwambia. “Nimekusamehe. Ulitaka kumficha mwanangu asichekwe, hilo nimelielewa. Lakini mtu unayempenda humfichi. Unamsema alivyokuwa, wazi, hata kama wapo wa kucheka.”

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia mjukuu wake, akasema naye polepole, bila mzaha hata kidogo.

“Umeona uongo wa mtu mwenye huruma? Ulimchubua mtoto mkono, nusura unitoe kazini, na pacha ukamfanya mgeni nyumbani kwao. Huruma isiyosema kweli haimsaidii mtu. Na huo weusi uliotaka kumwondolea huyu mtoto ni wako pia, mjukuu wangu. Ndio ninaoutafuta kwenye vitambaa tangu nikiwa mdogo kuliko wewe.”

Sindano alikaa chini kati yao, na yule mtoto, bado na kwikwi, akamsogelea, akaulaza mkono wake uliopona nusu juu ya mkono wa Sindano. Aliitazama ile mikono miwili, kisha akamwuliza kama na yeye aliwahi kuwa na pacha.

“Sikuwahi,” Sindano alisema, na hapo ndipo naye alipolia.